Tongo na Bustani: Kumbukumbu ya Matembezi kutoka Shukkeien hadi Miembe ya Kasongo

Neno bustani liliingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri, na tangu zamani limetaja kiwanja kilichopandwa miti na maua ili kuburudisha macho na nafsi, tofauti na shamba, ambalo hulimwa kwa ajili ya tumbo na biashara. Neno tongo, au matongo kwa wingi, linataja hali iliyo kinyume chake: mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha pakahamwa, ambapo misingi ya nyumba, vigae vya vyungu na miti ya matunda isiyo na mwenyewe ndiyo mashahidi waliobaki. Kusini mwa Maniema, katika teritwari ya Kasongo, pako mahali paitwapo Tongoni, yaani penye tongo, na jina hilo halikutolewa bure, kwa kuwa hapo ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Kasongo, makao ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kumbukumbu hii inaliweka tongo hilo kando ya bustani moja ya kale iliyo katikati ya jiji la Hiroshima, Japani, ambayo mwandishi, mzaliwa wa Kasongo, aliizunguka kwa miguu kabla ya kurudi nyumbani na kuitazama miembe ya Tongoni upya. Hoja yake ni kwamba tongo na bustani haziko mbali kama inavyodhaniwa, kwa sababu zote mbili ni mahali ambapo waliotangulia walipanda, na kinachozitenganisha ni ufagio wa anayetunza na ukweli wa anayesimulia.

Bustani ya kuzungukwa kwa miguu

Wajapani wana aina kadhaa za bustani, na ni vyema zitofautishwe tangu mwanzo. Zipo bustani za mawe na changarawe, ambazo hutazamwa kutoka barazani mwa hekalu bila kukanyagwa. Zipo bustani ndogo zinazomwongoza mgeni hadi kwenye kibanda cha kunywea chai. Na zipo zile ziitwazo kaiyū-shiki, maana yake mtindo wa kuzunguka, ambazo hazionekani zote kwa mara moja bali hufunuka hatua kwa hatua kwa yule anayetembea. Bustani ya aina hii ya tatu huwa na ziwa katikati, njia nyembamba inayolizunguka, visiwa vidogo, madaraja, vibanda vya kupumzikia na vilima vilivyorundikwa kwa mikono ya watu, na ilistawi hasa katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, wakati mabwana wa majimbo walioitwa daimyo walipojenga bustani kubwa pembeni mwa ngome na majumba yao. Kenroku-en ya Kanazawa na Kōraku-en ya Okayama ni za kundi hilo, na vivyo hivyo Rikugi-en ya Tokyo, iliyokamilika mwaka 1702 ikiwa na mandhari 88 zilizotokana na ushairi wa kale, hata mtembezi mwenye elimu aliweza kuisoma kama anavyosoma diwani.

Bustani ya Hiroshima inaitwa Shukkeien. Ilianza kujengwa mwaka 1620, mwaka mmoja baada ya Asano Nagaakira kuingia Hiroshima kama daimyo, na aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Ueda Sōko, mmoja wa wasaidizi wake wakuu, ambaye alikuwa pia bingwa wa adabu za chai. Jina lenyewe lina maana ya bustani ya mandhari iliyokusanywa kwa udogo, kwa kuwa milima, mabonde, misitu na maziwa yamefupishwa humo hadi yakatosha katika eneo la hekta 4 na zaidi, na inasimuliwa kwamba kielelezo chake kilikuwa Ziwa la Magharibi katika mji wa Hangzhou, nchini China. Katikati ya ziwa dogo la bustani lipo daraja la mawe liitwalo Kokōkyō, lililopinda kama upinde wa mvua, ambalo lilijengwa upya katika karne ya 18.

Katika ujenzi wa bustani hizi kuna kanuni iitwayo miegakure, maana yake kujificha na kujionyesha, na kanuni hiyo ndiyo inayompa mtembezi hamu ya kuendelea. Njia hupinda nyuma ya msonobari ili daraja lipotee, kisha hupanda kilima kidogo ili daraja hilohilo lionekane tena kutoka upande mwingine, likiwa limebadilika sura. Na mawe ya kukanyagia hupangwa kwa makusudi bila kulingana, mtu akalazimika kutazama chini anapovuka sehemu fulani, na anapoinua macho akakuta mandhari mpya mbele yake. Kwa njia hiyo mjenzi aliyefariki karne nyingi zilizopita bado anaendesha mwendo wa mgeni wa leo, akimwambia wapi apunguze hatua na wapi asimame.

Ufagio na mti ulioinama

Mwandishi alifika Hiroshima kwa mafunzo ya wiki chache, na aliingia Shukkeien asubuhi moja bila matarajio makubwa, kwa kuwa mtu aliyekulia ukingoni mwa misitu ya Maniema haoni upesi sababu ya kulipa kiingilio ili atazame miti. Kilichombadilisha fikra hakikuwa ziwa wala daraja, bali mama mmoja wa makamo, miongoni mwa watunza bustani ambao Wajapani huwaita niwashi, aliyekuwa amepiga magoti kando ya njia akifagia kuvu la kijani linalofunika ardhi chini ya misonobari. Ufagio wake ulikuwa mdogo, wa vijiti vyembamba vya mwanzi vilivyofungwa kwa uzi, na aliusogeza kwa wepesi kiasi kwamba sindano kavu za msonobari zilitoka huku kuvu likibaki halijachubuka. Zile zilizokwama alizitoa moja moja kwa vidole na kuzitia kikapuni. Nusu saa baadaye, mwandishi alipokwisha kuzunguka ziwa na kurudi mahali pale, mama huyo alikuwa amesogea hatua tatu tu, na nyuma yake sindano nyingine zilikuwa zimekwisha kuanguka.

Mbele kidogo palikuwa na msonobari mzee ambao tawi lake refu lilikuwa limeegemezwa juu ya nguzo za mti, mithili ya mzee anayeegemea mkongojo, na mafundo ya kamba yaliyolifunga tawi kwenye nguzo yalionekana mapya. Mti ulio dhaifu haukukatwa wala haukuachwa uanguke, bali ulishikiliwa. Hapo mgeni alianza kufahamu kwamba alichokuwa akikitazama hakikuwa kazi iliyomalizika mwaka 1620, bali kazi inayofanywa kila siku, na ambayo ikisimama kwa misimu michache tu bustani nzima itarudi kuwa kichaka.

Shukkeien imewahi kuwa tongo. Familia ya Asano iliikabidhi kwa mkoa wa Hiroshima mwaka 1940, na miaka 5 baadaye, tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lililipuka hewani umbali usiozidi kilomita moja na nusu kutoka hapo. Vibanda viliteketea, miti ikaungua, na watu wengi waliojeruhiwa walikimbilia bustanini kwa kuwa ilikuwa na maji na upande mmoja imepakana na mto Kyōbashi, lakini wengi wao walifia humohumo na kuzikwa palepale. Mwaka 1987 mifupa ya watu 64 ilifukuliwa katika ardhi ya bustani, na jiwe la ukumbusho limesimamishwa. Daraja la Kokōkyō lilistahimili mlipuko. Na miongoni mwa miti michache iliyonusurika ni mti mmoja wa ginko, mkubwa na ulioinama, wenye kibao kinachoutaja kuwa hibakujumoku, yaani mti uliopigwa na bomu ukabaki hai. Bustani ilifunguliwa tena mwaka 1951, ikiendelea kurudishiwa vibanda vyake katika miaka iliyofuata.

Kwa Mkongomani, kibao hicho hakisomwi kama habari ya ugenini. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza silaha zake za kwanza za nyuklia ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga uliokuwa chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya madini hayo zilisafirishwa hadi New York, zilikohifadhiwa kabla ya kununuliwa kwa ajili ya mradi wa bomu. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa walichokuwa wakikichimba kingetumika wapi, na waliokufa Hiroshima hawakujua jina la mgodi huo. Mwandishi alisimama chini ya ginko ile akijua kwamba udongo wa nchi yake ulikuwa umefika hapo kabla yake, na kwamba haukufika kwa heri. Fikra hiyo ndiyo iliyomrudisha Tongoni, kwa sababu huko nako ipo miti iliyosalia baada ya mji kuangamia, lakini haina kibao.

Zanzibar iliyokusanywa kwa udogo

Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837 na kufariki hukohuko mwaka 1905, alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu kuanzia katikati ya miaka ya 1870, na alipoondoka kurudi pwani mwaka 1890 aliuacha mji huo mikononi mwa jamaa zake, akiwemo mwanawe Sefu. Watu waliomfuata, waliojiita Waungwana, walikuwa mchanganyiko wa Waarabu wachache, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi na vijana wengi wa bara waliotekwa au waliojiunga wenyewe wakalelewa katika dini, mavazi na lugha ya pwani. Kutokana na jina lao ndipo Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana. Walileta mpunga, ambao mpaka leo ni mmoja wa mazao makuu ya Maniema, na walileta miti ya matunda iliyokuwa imekwisha kuota mizizi Zanzibar baada ya kuvuka bahari kutoka Asia.

Daktari Mwingereza Sidney Langford Hinde, aliyefuatana na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis, aliuona mji wa Kasongo ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893, na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1897 alieleza bustani zenye machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi, pamoja na miwa na mashamba ya mpunga makubwa kiasi kwamba aliwahi kupanda mnyama kwa saa moja na nusu ndani ya shamba moja. Maelezo hayo ni ya mtu wa upande ulioshinda, naye alikuwa na sababu zake za kuusifu utajiri uliotekwa, lakini orodha ya matunda inajieleza yenyewe. Mkomamanga na mchungwa si miti ya asili ya bonde la mto Lualaba. Aliyeipanda alikuwa akitafuta kuiona pwani akiwa bara, kwa namna ileile ambayo bwana wa Hiroshima alitaka kuliona ziwa la Hangzhou pasipo kuvuka bahari. Kasongo, kwa hiyo, ilikuwa shukkei ya namna yake: Zanzibar iliyokusanywa kwa udogo mbali sana na bahari, na kila mwembe humo ulikuwa ni mstari wa barua iliyoandikwa kuelekea nyumbani.

Ulinganisho huu hauna budi kusimama hapo, kabla haujageuka sifa. Utajiri wa bwana wa Hiroshima ulipimwa kwa koku, kipimo cha mchele cha karibu lita 180 kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka, na jimbo lake lilikadiriwa zaidi ya koku 400,000, zote zikiwa ni jasho la wakulima waliotozwa kodi. Utajiri wa bwana wa Kasongo ulitokana na pembe za ndovu na watu, yaani na vijiji vilivyovamiwa, mateka waliofungwa shingo, na watumwa waliofyeka msitu, wakalima mpunga na kuchimba mashimo ya miche. Hakuna bustani ya mtawala isiyo na mikono iliyofichika nyuma yake, ila mikono iliyofichika Kasongo ilikuwa na minyororo.

Matembezi ya Tongoni

Mwandishi aliporudi alikwenda Tongoni si kama mtu anayepita njia, bali kama mtu anayezunguka bustani, yaani kwa mwendo wa pole, akisimama na kugeuka nyuma kila baada ya hatua kadhaa. Wanaakiolojia kutoka Kongo na Ubelgiji wamekwisha kulifanyia tongo hilo uchunguzi katika miaka ya karibuni, na kazi yao imeonyesha kwamba historia ya Waungwana haimo katika vitabu vya wasafiri peke yake, bali imo pia ardhini na katika kumbukumbu za wenyeji. Hata hivyo, kwa mtu asiye na utaalamu huo, miembe ndiyo inayosema kwanza. Ni mikubwa kupita ile inayopandwa nyuma ya nyumba siku hizi; mashina yake watu wawili hawayakumbatii wakakutana mikono, na gome lake limepasuka katika vipande virefu vyenye kuvu ndani ya nyufa. Mtu akisimama chini ya mmoja, wa pili humtokeza kati ya michikichi, na akiufikia wa pili, wa kwanza hufichwa na nyasi. Bila fundi yeyote kukusudia, miegakure ipo Tongoni pia, na jicho likizoea huanza kuona kwamba miti hiyo haikuota ovyo, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeamua iote hapa na si pale.

Mzee mmoja wa kijiji, aliyekuwa ameketi juu ya mzizi mmojawapo akichonga mpini wa jembe, alimkaribisha mgeni kwa salamu ndefu za huko, akamwuliza habari za baba zake na za safari, na baada ya kuridhika akakubali kuulizwa swali. Alipoulizwa ni nani aliyepanda miembe ile, hakukimbilia jibu linalotolewa na kila mtu.

“Mwanangu, watu wote watakwambia ni Tippu Tip,” alisema, “lakini Tippu Tip hakushika jembe. Aliyeshika jembe ni babu yetu, na jina lake hakuna anayelijua.”

Kisha akaendelea kuchonga, na maranda membamba yakaendelea kuanguka juu ya majani makavu.

Maneno hayo mafupi yana elimu ambayo vitabu vingi vimeikosa. Waandishi wa Kizungu waliuandika mji wa Kasongo kama mji wa Waarabu, na Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, alisimulia safari, vita, biashara na koo za watawala. Lakini aliyepanda hakupewa ukurasa popote. Wazimba, Wakusu, Wabangubangu na wengine ambao wazee wao walitekwa, walikimbia au walijiunga, wamebaki na urithi wenye pande mbili: lugha wanayoipenda na wanayoitumia kila siku, na jeraha la namna ilivyowafikia. Mwembe wa Tongoni umebeba pande zote mbili katika shina moja, tunda lake ni tamu na asili yake ni chungu, na anayetaka kuutunza hana ruhusa ya kuchagua upande mmoja tu.

Kivuli cha Kabambare

Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupanda milima, ilipitia Kabambare kabla ya kufika Kasongo na Nyangwe, na kwa sababu hiyo Kabambare ikawa mahali pa kupumzika, kununua chakula na kusubiri habari. David Livingstone, aliyeiandika kwa jina la Bambarre, alikaa hapo kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 akiuguza vidonda vya miguu, na karatasi zilipokuwa zikimwishia alijifunza kuandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino uliotokana na mimea. Januari 1894 majeshi ya Dhanis yaliiteka Kabambare katika vita dhidi ya Rumaliza, mmoja wa viongozi wa upande wa Waungwana, na mwaka 1898 askari walioasi Dola Huru ya Kongo wakaiteka tena. Waasi walioitwa Simba walipita Maniema mwaka 1964, na vita vya mwisho wa karne ya 20 na mwanzo wa karne ya 21 viliwatawanya watu porini kwa miezi na miaka. Mji uliopitiwa na majeshi kiasi hicho haukai na majengo mengi ya zamani.

Hapo ndipo kazi nyingine ya mti inapoonekana. Katika njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, waendesha baiskeli wanaobeba mafuta ya mawese katika vidumu vya rangi ya njano, au magunia ya mchele yaliyofungwa kwa mipira, husukuma mizigo yao kwa siku kadhaa, na hawapumziki popote bali chini ya miembe wanayoijua. Katika mmoja wa miti hiyo mwandishi aliona gome limelainika na kung'aa kwa urefu wa mgongo wa mtu aliyeketi, kwa sababu ya migongo iliyoegemea hapo kizazi baada ya kizazi, na chini yake mwanamke alikuwa akiuza maandazi na chai ya tangawizi kwa wasafiri. Bustani ya Hiroshima ina vibanda vya kupumzikia vilivyojengwa na mabwana. Njia ya Kabambare ina vibanda vilivyoota. Mpumzikaji anayekaa humo ni mbebaji, wala si mtawala wala mgeni wake, na pengine hiyo ndiyo haki iliyochelewa, kwamba kivuli kilichopandwa kwa jasho la waliobebeshwa mizigo kiwe sasa cha wabeba mizigo.

Mafunzo ya safari mbili

Funzo la kwanza linahusu miguu. Urithi usiotembelewa haujulikani, na njia ndiyo inayougeuza mkusanyiko wa miti kuwa masimulizi, kwa kuwa inampa mtembezi mwanzo, katikati na mwisho. Tongoni haihitaji ukuta wala lango la fahari. Inahitaji kwanza njia ya upana wa watu wawili, iliyofyekwa kutoka mwembe hadi mwembe, itakayomwezesha mwanafunzi wa Kasongo kuuzunguka mji wa kale kwa muda wa kipindi kimoja cha somo la historia, akiwa na mwalimu wake mbele na mzee wa kijiji kando yake.

Funzo la pili linahusu daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na miembe hii inapotea hivyo: mmoja unakatwa kwa ajili ya makaa, mwingine unaanguka kwa upepo wa masika, na hakuna anayejua kwamba hesabu imepungua kwa sababu hesabu haikuwahi kufanywa. Kuipima miti, kuipa namba, kuandika mahali ilipo na masimulizi ya wenyeji juu ya kila mmoja ni kazi inayoweza kufanywa na vijana wenye daftari la shule, kamba ya kupimia na simu ya mkononi. Kutoka Hiroshima, tangu mwaka 2011, mbegu za miti iliyonusurika bomu zimekuwa zikipelekwa kupandwa katika nchi nyingine, jambo ambalo lisingewezekana kama miti yenyewe isingetambuliwa mmoja mmoja kwanza. Mwembe nao una kokwa. Na mwembe wa miaka 130 ambao bado unazaa unastahili kuacha watoto kabla haujaanguka.

Funzo la tatu linahusu kazi ya kila siku, na ndilo gumu zaidi. Methali husema penye miti hapana wajenzi, na watu wa Maniema, wanaoishi katikati ya miti, wameizoea kiasi cha kutoiona. Zaidi ya hayo, Wakongomani wanalo neno salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi na maendeleo, lakini wengi wa umri mkubwa wanalikumbuka kama kazi ya lazima ya utawala wa Mobutu, iliyofanywa kwa kuogopa adhabu, na katika ardhi ambayo mababu walifyeka wakiwa watumwa neno hilo linabeba uzito mara mbili. Kwa hiyo ufagio wa Tongoni hauwezi kuwa wa amri. Mama wa Shukkeien hakuonekana kuogopa mtu. Alifagia kama mtu anayechana nywele za mzazi wake.

Funzo la nne ni la ukweli. Shukkeien ingeweza kujengwa upya ikaonekana kana kwamba hakuna kilichotokea, maana ziwa lingetosha kuficha mengi, lakini jiwe la waliozikwa humo limewekwa mahali linapoonekana, na kibao cha ginko kinasema wazi kilichoupata mti huo. Mgeni anatoka na uzuri wa bustani pamoja na uchungu wake, wala kimoja hakimpunguzii kingine. Vivyo hivyo, njia ya Tongoni itakayotaja makomamanga na kunyamazia minyororo itakuwa ya uongo, na itakayotaja minyororo na kunyamazia lugha, sala, mpunga na mapishi yaliyotoka humohumo itakuwa ya uongo pia.

Siku moja ya kiangazi, vijana wachache walikuja kwa hiari yao na mapanga na fagio za njukuti za michikichi, wakafungua njia kati ya miembe mitatu ya kwanza, kazi iliyochukua asubuhi nzima na ambayo majani yaliifunika nusu kabla ya jua kutua. Jioni, wakiwa wamekaa juu ya mizizi, walijadiliana juu ya kibao cha mbao watakachosimamisha, na kila mmoja alikuwa na la kuongeza: mwaka wa kutekwa kwa mji, jina la Tippu Tip, orodha ya matunda, majina ya koo zilizotekwa. Mzee wa mpini wa jembe aliwasikiliza wote hadi mwisho, kisha akaomba kwamba juu kabisa, mahali pa kuandika mti huu umepandwa na nani, waache mstari mmoja mtupu, wenye urefu wa kutosha jina la mtu na la baba yake, na kwamba kila mwaka rangi ikififia, mstari huo nao upakwe upya.